Makala za Kiswahili kurudishwa na majarida ya nje: tatizo hasa liko wapi?

Mwanangeli

Habari zenu wanajukwaa. Swali langu nalielekeza kwa waliokwisha kuhariri au kuhakiki makala za majarida ya nje.

Nina makala juu ya kauli ya kutendea katika Kiswahili (pika ikiwa pikia). Imechotwa kwenye tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili, kisha ikatafsiriwa. Ina maneno 9,400 pamoja na marejeleo. Majarida mawili ya Ulaya yameirudisha ndani ya wiki tatu, haikufika hata kwa wahakiki. La kwanza limesema mchango wake kwa wasomaji wa jarida hauonekani. La pili limesema data haikuwasilishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Hakuna lililolalamikia Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichogharamiwa zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Naomba kueleweshwa mambo manne. Mhariri anaangalia nini katika siku hizo chache? Mifano ya Kiswahili iandikwe vipi ikubalike? Majarida yanayodai dola 1,500 na zaidi, mhadhiri wa huku anayafikiaje? Na hawa wanaoleta barua pepe kila siku wakiahidi kuchapisha ndani ya siku 7, ni wa kuaminiwa?

KiambishiTamati

Mwalimu, pole, ila una bahati kwamba wahariri wote wawili wamekutajia sababu. Wengi hupewa mistari miwili ya adabu tu.

Siku ya kwanza mhariri husoma ikisiri (muhtasari wa makala), aya mbili za mwanzo, mfano wa kwanza wa data na orodha ya marejeleo. Basi. Ikisiri za makala zinazotoka kwenye tasnifu zetu nyingi zimekaa hivi: "Makala hii inachunguza kauli ya kutendea. Data ilikusanywa maktabani na uwandani. Nadharia iliyotumika ni fulani. Matokeo yanaonesha kuwa Kiswahili kina kauli ya kutendea yenye dhima mbalimbali." Hilo la mwisho limo katika sarufi tangu karne ya 19. Msomaji aliyeko Leiden au Osaka, hata kama anakipenda Kiswahili, hajapewa sababu ya kuendelea.

Tuchukue sentensi moja tuone swali linavyozaliwa:

Mama alimpikia mtoto uji.

Hapa kuna yambwa (nomino zinazopokea tendo) mbili, mtoto na uji. Igeuze iwe kauli ya kutendwa. "Mtoto alipikiwa uji" haina shida. "Uji ulipikiwa mtoto" wazungumzaji wengi wataikunjia uso. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha katika jarida la Linguistic Inquiry makala iliyoonesha kwamba Kichaga cha Vunjo huruhusu yambwa zote mbili kupanda na kuwa kiima, tofauti na Chichewa. Tangu hapo kila lugha ya Kibantu inaulizwa iko upande upi, na kwa nini. Sasa rudi kwenye data yako. Una mifano ya ala? Je, "kisu kilikatiwa nyama" inakubalika sawasawa na "mtoto alipikiwa uji"? Nani anaikubali, nani anaikataa? Wa Unguja wanasemaje, na aliyejifunza Kiswahili baada ya Kisukuma anasemaje? Hilo ndilo swali ambalo mtafiti wa Kizulu au wa Kihispania atataka kulijua jibu lake. Data ni ileile uliyonayo, mlango wa kuingilia ndio umebadilika.

Lakini ukisema "inakubalika" lazima useme kwa nani. Makala nyingi zinaanguka hapo, kwa sababu mwandishi ni mzawa wa lugha na anatunga mifano mwenyewe. Kwa tathmini za usarufi, yaani kuuliza wazungumzaji kama sentensi inakubalika, tafuta watu 15 hadi 20, taja umri, mahali walipokulia na lugha nyingine wanazozungumza. Changanya sentensi unazopima na nyingine za kupoteza lengo, wasigundue unatafuta nini. Sentensi zilizokwisha kutumika na watu unaweza kuzitafuta katika kongoo (hazina ya matini kwenye kompyuta) ya Helsinki, ambayo toleo lake la 2.0 lina maneno takriban milioni 25. Kumbuka tu kwamba sehemu kubwa ni lugha ya magazeti na maandishi rasmi. Muundo usipoonekana humo, usihitimishe kwamba watu hawausemi.

Sasa mifano. Karibu majarida yote ya isimu hufuata Kanuni za Leipzig: mstari wa kwanza lugha yenyewe ikiwa imekatwa mofimu (kipande kidogo cha neno chenye maana) kwa mofimu, wa pili ufafanuzi wa kila mofimu, wa tatu tafsiri huru ndani ya alama moja za kunukuu. Kitenzi chetu kitakuwa:

a-li-m-pik-i-a
1SM-PST-1OM-pika-APPL-FV

(Nilipoandika pika unaweka kitenzi cha Kiingereza. 1SM ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya 1, PST wakati uliopita, 1OM kiambishi cha yambwa cha ngeli ya 1, APPL kutendea, FV kiishio.) Hesabu vistari: juu vitano, chini vitano. Vikipishana hata kimoja, mhariri anajua mwandishi hakurudia kusoma. Makosa ninayoyaona mara kwa mara:

Kwanza, kuandika -ia kama mofimu moja. Kiambishi cha kutendea ni -i- (au -e-, au -li-/-le- baada ya irabu), na -a ya mwisho ni kiishio.

Pili, "alikula". Wengi hukata a-li-ku-l-a halafu wakaiita ku yambwa ya nafsi ya pili. Siyo. Hiyo ku inabeba mkazo kwa sababu mzizi -l- ni mfupi mno, nayo hutoweka yambwa ikiingia: "alikila chakula", si "alikukila". Mhakiki wa Kibantu ataliona kosa hilo kabla hajamaliza ukurasa.

Tatu, vifupisho. PST, PRF (hali timilifu), APPL, CAUS (kutendesha), PASS (kutendwa) na RECP (kutendana) vimo katika orodha ya Leipzig. SM, OM na FV havimo, kwa hiyo vitaje katika tanbihi ya kwanza. Na ukishaamua kwamba -me- ni PRF, isiwe kitu kingine ukurasa wa 14.

Nne, kupanga mistari kwa kubonyeza nafasi. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine kila kitu kinahama. Tumia tabo au jedwali lisilo na mistari.

Na lugha yenyewe itambulishwe mwanzoni kwa msimbo: Kiswahili ni G42 katika mpangilio wa Guthrie wa lugha za Kibantu na swh katika ISO 639-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha. Kama makala ingekuwa ya Kisukuma ungeandika F21 na suk, ya Kinyakyusa M31 na nyy. Ni jambo la nusu mstari, lakini linamwambia mhariri kwamba unajua unaongea na nani.

Jambo jingine ni istilahi. Sarufi ya Ashton ya 1944 iliita kauli hii kwa jina la kihusishi (prepositional, badala ya applicative), na tafsiri nyingi za tasnifu bado zinalitumia jina hilo kwa Kiingereza. Mhakiki akiliona anadhani usomaji wako uliishia hapo.

MkutubiPwani

Ninajibu la pesa na la matapeli, ndiko niliko kila siku.

Mwalimu, jarida kutaja dola 1,500 haimaanishi lazima ulipe. Majarida mengi ni mchanganyiko: ukichagua ufikiaji huria, yaani kila mtu asome bure, unalipa ada, ukichagua njia ya kawaida ya wanaojiandikisha kusoma hulipi chochote. Kwenye fomu kitufe cha ufikiaji huria mara nyingine kimewekwa mbele, mtu anakibonyeza bila kujua. Soma ukurasa huo polepole.

Kwa majarida ambayo ni huria moja kwa moja, wachapishaji wakubwa husamehe ada kwa kufuata makundi ya nchi ya Research4Life, mpango wa kuzifikishia nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma. Kundi A kwa kawaida husamehewa yote, Kundi B hupunguziwa nusu. Tanzania imo Kundi A. Wa nchi nyingine aangalie orodha ya mwaka husika, maana hubadilika. Mara nyingi msamaha huu hauhusu majarida ya mchanganyiko. Pia omba wakati wa kuwasilisha, usisubiri makala ikubaliwe. Wengi huomba baada ya kukubaliwa na kuambiwa muda umepita. Kama mna waandishi wenza, baadhi ya wachapishaji hudai wote wawe wa nchi za makundi hayo, na mwenzenu mmoja wa Ujerumani anaweza kuwapotezea msamaha. Afadhali kuuliza mapema chuo chake kina mkataba gani na mchapishaji.

Kisha yapo majarida mazuri yasiyomdai mwandishi wala msomaji. Swahili Forum ni mojawapo, na hupokea makala zilizoandikwa kwa Kiswahili. Studies in African Linguistics ni jingine. Glossa ilianzishwa na wahariri wa jarida la Lingua waliojiuzulu kwa pamoja mwaka 2015 kwa sababu ya bei na umiliki, nayo huwasamehe wasio na wa kuwalipia. Kwa kitabu au sura ya kitabu kuna Language Science Press ya Berlin, haitozi.

Sasa hao wa siku 7. Hapana. Uhakiki wa kweli huchukua miezi mitatu hadi sita, na mwaka mzima si ajabu, kwa sababu wahakiki wa Kibantu ni wachache na hawalipwi. Anayeahidi siku 7 hana wahakiki. Usiishie kutazama sura ya tovuti; fanya hivi, haichukui nusu saa:

Chukua ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) uitafute kwenye tovuti ya ISSN yenyewe, uone jina na nchi vinalingana. Halafu fungua orodha ya vyanzo ya Scopus, hifadhidata ya majarida yaliyochujwa, ni bure, uandike ISSN hiyo. Angalia miaka: yapo majarida yaliyoondolewa Scopus lakini bado yameweka nembo ukurasa wa mbele. Ukiona "2014 hadi 2019", makala yako ya leo haimo. Kwa yale huria angalia DOAJ, orodha ya majarida huria. Kisha soma makala tatu za toleo la mwisho. Jarida linalochapisha sintaksia ya Kibantu, ufugaji wa samaki na uhandisi wa barabara katika toleo moja halina mhariri wa isimu.

Kuna na wizi wa jina: tovuti bandia inajiita kwa jina la jarida halisi na kutumia ISSN yake. Ndiyo maana usifuate kiungo cha barua pepe. Anzia kwa mchapishaji au kwenye Scopus, ufuate kiungo cha huko. Ile orodha ya Beall ya majarida yanayoshukiwa utapeli, watu wanayoendelea kuitumia, ilifungwa na mwenyewe Januari 2017. Nakala zinazozunguka haziko mikononi mwake.

Uharibifu wake ni mkubwa kuliko pesa zilizolipwa. Makala ikishatoka huko huwezi kuipeleka kwingine, maana imeshachapishwa. Data ya miaka minne imezikwa hapo.

BintiMizani

Wenzangu mmeongea kama kwamba sote ni wanaisimu. Upande wa fasihi ugumu una sura nyingine, nao huwa hausemwi.

Tatizo la kwanza ni nafasi. Jarida linakupa maneno 8,000. Beti ukiziweka kwa Kiswahili kisha tafsiri, umehesabiwa mara mbili. Beti kumi za shairi la mizani 16 zinakula maneno 500 au zaidi ukijumlisha tafsiri. Kwa hiyo chagua beti nne uzichambue hadi mwisho, nyingine zipeleke kwenye kiambatisho cha mtandaoni, ambacho majarida mengi hawakihesabu. Mwandikie mhariri umuulize kabla, ni sentensi moja.

La pili ni kwamba mhakiki hawezi kuhesabu mizani. Unasema "mshairi amevunja mizani katika kipande cha pili kwa makusudi", yeye anasoma anaona herufi tu. Mfundishe katika tanbihi fupi: "mtoto" ni mizani tatu, m-to-to, kwa sababu m hiyo ni silabi peke yake, "mwana" ni mbili, mwa-na, "nchi" ni mbili, n-chi, lakini "ndege" ni mbili vilevile, nde-ge, kwa kuwa n hapo haisimami yenyewe. Bila tanbihi hiyo hoja yako yote inaonekana ni madai. Tafsiri ifanye ya nathari, kipande kwa kipande, usijaribu kutia vina vya Kiingereza. Ukitia vina utalazimika kubadili maana, na mhakiki atakichambua Kiingereza chako badala ya ushairi wa mwenyewe.

La tatu ni ruhusa. Mshairi aliye hai, au aliyefariki juzi, shairi zima haliwezi kunukuliwa bila barua ya ruhusa, yake au ya mchapishaji wake. Wahariri huidai baada ya kukubali makala, na hapo ndipo miezi hupotea, kwa sababu mchapishaji amehama au warithi hawajulikani waliko. Barua itafutwe siku unapoanza kuandika. Utenzi wa kale wenyewe hauna mwenye haki, ila toleo lililohaririwa na tafsiri ya mtu vinaweza kuwa na mwenyewe. Ukitumia hati za mkono, kama zile zilizoko chuo cha SOAS, London, taja namba ya hati na ukurasa, si "hati ya SOAS".

Na KiambishiTamati, hapo pa kugeuza kila swali liwe la mtafiti wa Kizulu na Kihispania sikubaliani nawe moja kwa moja. Kuna kazi ambazo wasomaji wake ni waalimu na watunzi wa huku, na lugha yake ni Kiswahili. Kuzilazimisha kwa Kiingereza ni kuzifisha. Jarida la Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) yapo, na Kioo cha Lugha linapatikana mtandaoni kupitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kwa hiyo aliye Naples au Beijing analisoma.

KiambishiTamati

Dada, hapo umenirekebisha vizuri. Nilikuwa najibu makala yake hii, ambayo data yake inabeba swali la nje. Makala ya kusanifisha istilahi au ya mbinu za kufundishia ngeli darasani ningeipeleka Kiswahili au Mulika bila kusita. Ushauri wangu ni kutochapisha jambo lilelile mara mbili kwa lugha mbili kimyakimya. Majarida mengine hukubali toleo la lugha ya pili ukilitaja wazi kwenye barua ya utangulizi na ukapata ruhusa ya la kwanza.

Mwanangeli

Nawashukuru sana, nimeshaanza kukata. Naomba nyongeza mbili. Tasnifu imewekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo. Programu ya kupima ufanano haitanikamata? Na ikifika kwa wahakiki, majibu yao yanajibiwaje?

DktIrabu

Mwalimu, kuhusu ufanano: tasnifu yako ni ya Kiswahili na makala ni ya Kiingereza, kwa hiyo programu haitaona mengi. Lakini itaje hata hivyo. Kwenye barua kwa mhariri andika kwamba makala imetokana na sura fulani ya tasnifu ya mwaka fulani, na kwamba uchanganuzi umeandikwa upya. Majarida mengi hayaihesabu tasnifu kuwa chapisho la awali. Wanachokichukia ni kuligundua wenyewe. Asilimia kubwa huletwa na marejeleo na mifano yenye mofimu, mhariri makini huvitoa kwenye hesabu.

Ukiwa bado unakata, kata pale panapoota sana: gwaride la fasili. "Fulani (1985) anasema mnyambuliko ni... Fulani (1999) anasema... Fulani (2004) anaongeza..." Katika tasnifu mtahini anataka kuona umesoma. Katika makala fasili moja inatosha, uliyoichagua, na sababu. Kwa maneno 8,000 ningegawa hivi: utangulizi 800, usuli na nadharia kwa pamoja 1,300, mbinu 500, uchanganuzi 4,000, hitimisho 400, yaliyobaki marejeleo. Makala za kutoka kwenye tasnifu nyingi zimegeuza hesabu hiyo, uchanganuzi unaanza ukurasa wa 13.

Kabla hujawasilisha ondoa jina lako: kwenye sifa za faili, kwenye shukrani, na kwenye sentensi kama "katika utafiti wangu wa awali". Shukrani na namba ya kibali viwe kwenye ukurasa wa jina unaopakiwa peke yake. Kibali kitaulizwa. Kenya ni cha NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Tanzania ni cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, au barua ya chuo. Uwe pia na ridhaa ya waliotoa taarifa. Kama ridhaa ilichukuliwa kwa mdomo, eleza maneno waliyosomewa.

Marejeleo ya Kiswahili yana mtego wake. TUKI na TATAKI ni taasisi ileile kabla na baada ya 2009, lakini ukiziorodhesha bila maelezo zinaonekana mbili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina matoleo kadhaa, ya 1981 si ya 2004, taja uliloshika. Jina la kitabu libaki kwa Kiswahili na tafsiri yake ifuate ndani ya mabano ya mraba. "Na wenzake" igeuzwe kwa utaratibu wa jarida. Jina lako mwenyewe liandike kwa namna moja daima na ufungue ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti. Leo ukiandika majina matatu, kesho mawili na herufi, hesabu za marejeo yako zinagawanyika.

Sasa wahakiki. "Marekebisho makubwa" si kukataliwa, ni mlango uliofunguliwa nusu. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mhakiki neno kwa neno, jibu lako, ukurasa na mstari palipobadilika. Kila oni lipate mstari wake katika jedwali, hata la kuondoa mkato. Usipokubaliana, sema hivyo kwa data: "Mhakiki anapendekeza sentensi ya 12 isahihishwe, wazungumzaji 14 kati ya 18 waliikubali, tumeongeza jedwali la 3." Wahakiki wawili wakipingana usiwaridhishe wote, mwandikie mhariri aseme lipi lifuatwe. Muda ukiwa siku 60 na unaona hautoshi, omba nyongeza kabla haujaisha, karibu kila mara hutolewa.

Utakutana na oni la "isomwe na mzawa wa Kiingereza". Mjibu mhariri kwa heshima ukiomba mifano mitatu. Mara nyingi linalosumbua ni istilahi na sentensi ndefu za "ilibainika kwamba imeonekana kuwa". Programu za kutafsiri hazitakuokoa hapo. "Kauli" zinaweza kuigeuza tamko la mtu, na "yambwa" zikaiacha ilivyo. Ukizitumia kunyoosha lugha, taja. Wachapishaji wengi sasa wanadai hivyo, na COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, imeshasema programu hizo haziwezi kuandikwa kuwa mwandishi.

Na usiipeleke kwa majarida mawili kwa wakati mmoja kwa kuogopa kuchelewa. Wahakiki wa Kiswahili tunajuana, makala moja hutua kwenye meza moja mara mbili, na zote mbili hurudishwa siku hiyohiyo. Miezi minne ikipita kimya, ndipo umwandikie mhariri mistari mitatu: namba ya makala, tarehe uliyowasilisha, na swali la imefikia wapi.